Methadoni sio "unga wa serikali", naomba tuelewane

Nafanya kazi kliniki tunayowapa waraibu wa heroini methadoni, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu huo. Juzi tena. Mtu msomi kabisa ananiuliza mbele za watu, "kwani nyie si mnawabadilishia tu mateja unga wa mtaani kwa unga wa serikali?" Watu wakacheka. Hilo swali nimeulizwa kwenye daladala, nimeulizwa msibani, na wanaonikera zaidi ni wahudumu wenzangu wa afya, kwa hiyo leo naandika ili siku nyingine niwe natuma linki tu.

Historia naipitisha mbio. Heroini inatoka Afghanistan, inashuka mpaka pwani ya Makran kule Iran na Pakistan, inapakiwa kwenye majahazi inakuja kwetu ikielekea kwingine. Mwaka 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 kwenye jahazi moja nje ya pwani ya Kenya, moja tu hilo. Mzigo wa namna hiyo haupiti mahali bila kubaki kidogo. Mwanzoni ilikuwa brauni, watu wanavuta tu au wanachanganya na bangi, kokteli. Kuelekea mwaka 2000 ikaingia nyeupe, inayeyuka vizuri kwenye maji, na sindano zikahamia maskani, vijiwe vya watumiaji. Tafiti za Dar za miaka ya 2000 zikaja kukuta zaidi ya theluthi ya wanaojidunga waliopimwa wana VVU, wanawake wakiwa juu zaidi ya wanaume. Na mwaka 2005 iliripotiwa hapahapa Dar kwamba kuna wanawake, mmoja akishajidunga anavuta damu yake kwenye bomba la sindano anampa mwenzake asiye na hela, wakiamini ule unga umo kwenye damu. Alikuwa anamsaidia mwenzie mwenye arosto, yale maumivu ya kukosa unga, yani ni huruma ile.

Na arosto ndo watu hawaielewi, wanadhani mraibu anafukuzia stimu. Stimu ilishaisha zamani jamani! Mtu wa miaka kumi kwenye unga anaamka asubuhi mifupa inauma, makamasi, miayo, anaharisha, ile kete ya kwanza ni ya kumwezesha kusimama tu, na baada ya masaa machache inaisha anaanza upya. Mara tatu, mara nne kwa siku, Idi na Krismasi zikiwemo. Piga hesabu ya hela, alafu piga hesabu ya muda, maana muda ndo watu wanausahau: huyu mtu hana saa ya kwenda kazini, hana saa ya kumpeleka mtoto shule, siku nzima ni kutafuta. Tivii ya mama iliondoka hivyo. Betri za magari ya watu zinaondoka hivyo, na mtaa ukimkamata anapigwa mpaka afe, na mabinti wanaishia kuuza mwili kwa bei ya kete kwa mwanaume ambaye anajua kabisa kwamba binti ana arosto na hawezi kumlazimisha avae kondomu.

Sasa methadoni. Ndio, ni opioidi, jamii moja na heroini. Ndio, akiikosa ataumwa, hatujawahi kuficha. Lakini inapanda polepole na inakaa mwilini siku nzima na zaidi, kwa hiyo anakunywa mara moja mbele ya nesi, dozi ikiwa sawa hana arosto na wala hana stimu, na ile siku iliyokuwa yote ya kutafuta inarudi mkononi mwake. Wala sio majaribio, madaktari Dole na Nyswander wa New York walichapisha matokeo yao mwaka 1965, WHO ikaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu 2005, Muhimbili ikaanza kutoa 2011.

Alafu linakuja la dozi, na hapa naomba uvumilivu wako maana mimi wangu umeisha. Ndugu wanakuja kliniki: "daktari, mpunguzie, amekaa sana kwenye hiyo dawa." Tunaanza na miligramu 30 au chini ya hapo, tunapandisha taratibu kwa sababu ukikimbia unaua mtu, na wengi wanatulia kati ya 60 na 120. Ukimbana kwenye 40 ili familia ifurahi, jioni ana arosto, anarudi maskani, alafu mnasema dawa haifanyi kazi. Mbaya zaidi akianza dawa za TB. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, inalifanya ini liichakate methadoni haraka, kwa hiyo dozi iliyokuwa inamtosha inaacha kumtosha ndani ya siku chache, anakuja dirishani pa kunywea dawa anatetemeka anaomba aongezewe, na mtu anamjibu "tamaa ya teja hiyo". Sio tamaa, ni famakolojia. Na akimaliza TB inabidi kushusha tena kwa uangalifu, vinginevyo ileile dozi iliyomwokoa itamzidi.

Na wale wa "mfungieni tu, ataacha mwenyewe"? Miezi sita jela au soba house, zile nyumba za kukaa bila unga, mwili unasahau kiwango, anatoka, anapiga kete ileile ya zamani, pumzi inakata. Msibani wanasema alikuwa ameshapona.

Kuna yasiyonipa usingizi pia. Kuja kila siku, na nauli yake, kwa kibarua anayetakiwa awe saiti saa moja asubuhi, tumemtoa kwenye saa ya unga tukamfunga kwenye saa ya dirisha, na wengine wanatoroka kwa sababu hiyohiyo. Dozi za kupeleka nyumbani zingesaidia, ila nyingine zitauzwa, na mtoto akinywa dozi ya baba yake anakufa, kwa hiyo sina jibu safi. Wengine wanachanganya na Valium, dawa ya kutuliza, au pombe, hapo methadoni inakuwa hatari kweli na huwa sijui nimbane au nimwache abaki nisimpoteze kabisa.

Ataacha lini? Wengine baada ya miaka, taratibu, wakiwa na kazi na pa kulala. Wengine wakiacha wanarudi kwenye unga. Wengine hawataacha, watakunywa mpaka uzeeni, na kama analea wanae na haibi cha mtu mimi sioni kwanini nimharakishe.