"Daktari ameshalipwa": maneno yanayowaponza wagonjwa

Jana tena, hapa Kayole, baba mmoja alinikabili mapokezini: "Daktari, serikali imeshakulipa, mbona mke wangu anaitishwa pesa?" Nimeyasikia hayo mara nyingi mno.

SHA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima ya afya ya jamii hapa Kenya, haimlipi daktari. Hulipa kituo chenye mkataba nayo, tena baada ya huduma: kituo kinatibu, kinatuma madai, madai yanakaguliwa, ndipo pesa zije. Kwa kujifungua kwa kawaida SHA hukilipa kituo shilingi 10,000, kwa upasuaji 30,000. Humo mna mpasuaji, mtaalamu wa nusukaputi, nyuzi, dawa, kitanda, na jenereta stima ikipotea. Muuzaji wa dawa hangoji ukaguzi. Anataka chake leo. Malipo yakichelewa, hospitali kubwa yenye wagonjwa wa bima za kibinafsi itavumilia. Kituo cha mtaani hakina akiba hiyo. Kitaanza kuitisha nyongeza, kisha kitabandika mlangoni karatasi ya "pesa taslimu tu". Anayebaki nje ni mama mboga aliyelipa mchango wake.

Hata hospitali ya umma ni hivyo. Mshahara wa daktari hutoka kaunti. Pesa za SHA, chini ya sheria ya 2023 inayoruhusu hospitali kubaki na mapato yake, ndizo hununua glavu na dawa. Zikikosekana, unaandikiwa karatasi ukanunue nje. Kwa hiyo anayeshangilia viwango vya malipo ya SHA vikiwa vya chini, eti madaktari wakome, namwomba afikirie mkewe atajifungulia wapi.

"Nimejiandikisha SHA, basi niko sawa." Hapana! Kujiandikisha kunakupa matibabu yasiyo ya kulazwa, bila malipo, katika zahanati na vituo vya afya, ngazi ya 2 na 3. Nendeni huko kwanza, jamani, si kukimbilia hospitali kuu ya Kenyatta na kikohozi. Kulazwa na upasuaji vinahitaji mchango uliolipwa.

"Nitalipa 300 nikiugua." Aliyejiajiri hulipia mwaka mzima. Kima cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600, na uchungu wa uzazi hauji na notisi. Mama mjamzito, anza kuweka akiba siku ya kliniki ya kwanza. Siku hiyohiyo waulize: mkataba wenu na SHA unagharamia upasuaji, na kuna nyongeza ngapi? Wakisitasita kujibu, tafuta kituo kingine mapema, ungali na nguvu za kutembea.