Kabla ya kujisajili LSAT, weka pasipoti mezani

Wananijia hapa Dodoma vijana waliomaliza shahada ya sheria, wakitaka niwaandae kwa LSAT, mtihani wa kuombea vyuo vya sheria vya Marekani. Huwa nawauliza kwanza: unaomba JD au LLM? JD ndiyo shahada ya uanasheria ya Marekani, na huombwa na mtu mwenye digrii tayari. Mwenye LLB, shahada ya kwanza ya sheria, anayetaka uzamili, yaani LLM, kwa kawaida hadaiwi LSAT. Wapo waliokesha miezi bila kuliuliza hilo.

Kama unaihitaji, fungua akaunti LSAC, baraza linaloendesha mtihani, na jina lako linakili kutoka kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi tuna majina matatu, na cheti cha kidato cha nne mara nyingi hakifanani na kitambulisho cha NIDA. Mwanafunzi wangu mmoja alijaza “Mohamedi” la kwenye cheti, pasipoti ikisema “Mohamed”. Ile “i” moja ilitugharimu wiki mbili za baruapepe, wiki alizotakiwa kuwa kwenye mazoezi.

Tangu Agosti 2024 sehemu ya mafumbo ya mantiki iliyokuwa kwenye mtihani haipo tena. Zimebaki sehemu nne za dakika 35: mbili za kupima hoja, moja ya ufahamu, na moja ya majaribio isiyohesabiwa, ambayo hutaijua ni ipi. Alama ni 120 hadi 180. Jibu baya halikatwi alama, kwa hiyo usiache swali tupu.

Kwenye hoja ndiko wengi wanakoanguka. Chukua hii: kila shamba la zabibu lililonyeshewa wakati wa mavuno limeoza matunda, shamba la mzee wa Hombolo limeoza, basi lilinyeshewa. Darasani wengi huitikia “ndiyo”. Lakini ukungu na wadudu nao huozesha zabibu! Mvua inatosha kuozesha, ila si lazima iwe mvua.

Ndiyo maana kila swali ulilokosa kwenye mitihani ya bure ya LawHub, tovuti ya mazoezi ya LSAC, nataka umweleze mwenzako kwa Kiswahili: mwandishi anadai nini, na anaegemea nini. Ukikwama, ujue Kiingereza ulikisoma ila hoja hukuielewa. Swali moja hivyo linaweza kula nusu saa, na mimi naona ni nusu saa halali.

Na ile insha ya hoja, sehemu ya LSAT inayoandikwa peke yake, ifanye mapema. Bila insha iliyopokelewa kwenye faili lako, matokeo hayatoki.