Je, wajua kwa nini pikapu ya umeme ikibeba mzigo chaji inakata haraka?

Mtu akisikia pikapu ya umeme swali la kwanza huwa ni inatembea kilometa ngapi, na muuzaji atakutajia namba moja nzuri tu. Hiyo namba imepimwa gari likiwa tupu au karibu tupu. Sasa pikapu hainunuliwi ikazunguke tupu, inanunuliwa ibebe saruji, matenki ya maji, viazi, vyuma, kwa hiyo swali lenyewe ni hili: ukishapakia, unabaki na kilometa ngapi?

Watu wameshapima. Mwaka 2023 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, walichukua pikapu ya umeme ya Ford F-150 Lightning wakaijaza mifuko ya mchanga kilo 635, yaani zilibaki kama kilo 50 tu ifike mwisho wa uwezo wake. Ikiwa tupu ilitembea kilometa 447. Ilipopakia ikaishia 338. Zimeyeyuka kilometa zaidi ya 100, karibu robo nzima ya safari.

Zimeenda wapi? Anza na tairi. Tairi lenye mzigo linabonyea pale linapogusa lami, likizunguka linajirudi, linabonyea tena, hivyohivyo njia nzima, na kila kubonyea kunakula nguvu inayogeuka joto, ndo maana ukishika tairi la gari lililotoka mbali na mzigo unakuta lina moto. Kilo 635 kwenye lami nzuri na tairi lenye upepo wa kutosha zinakula kwa njia hii peke yake karibu yuniti 2 kila kilometa 100 (nikisema yuniti namaanisha zilezile unazonunua za umeme wa nyumbani, maana betri za magari nazo zinahesabiwa hivyohivyo, ile ya Lightning kubwa inabeba yuniti 131). Tairi likiwa na upepo mdogo au barabara ikiwa ya vumbi na mchanga, hasara inapanda zaidi.

Alafu kuna kuondoka. Kila ukisimama kwenye mataa au kwenye tuta ukaondoka tena, mota inabidi isukume uzito wote upya. Gari la umeme lina faida hapa kwamba ukiachia pedeli mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya ile nguvu kwenye betri, lakini sio yote, kila mzunguko wa kutoa na kurudisha kuna kiasi kinapotea njiani, na gari likiwa zito kinachopotea ni kikubwa zaidi. Kwa hiyo foleni ya mjini na mzigo nyuma inakula chaji kuliko mtu anavyodhani.

Halafu mlima. Chukua safari ya Mombasa mpaka Nairobi, unatoka usawa wa bahari unaenda karibu mita 1,700 juu. Kuzipandisha zile kilo 635 tu urefu huo kunataka kama yuniti 3. Sio nyingi eeh? Sasa pikapu yenyewe ina uzito wa tani 3 hivi, na kujipandisha yenyewe kunataka karibu yuniti 14. Ukiangalia hapo unaona kwamba mzigo mzito kuliko wote kwenye gari la umeme ni gari lenyewe, na betri inachangia sana huo uzito.

Wengi wanasema basi weka betri kubwa zaidi ishu iishe. GMC walifanya hivyo kwenye Hummer ya umeme, betri yake peke yake ni kama kilo 1,300, gari zima linapita tani 4, na mzigo linaoruhusiwa kubeba ni kama kilo 590. Yaani betri ina uzito zaidi ya mara mbili ya mzigo! Mimi hapo naona wamekosea njia kwa mtu wa kazi, kila kilo ya betri unayoongeza inataka umeme wa kuibeba na pia inakula nafasi ya kilo ya mzigo.

Upande wa kushuka mambo yanageuka kabisa, na hapa ndo penye utamu. Uswisi, kwenye machimbo ya Ciments Vigier karibu na mji wa Biel, kuna tipa kubwa la Komatsu lililogeuzwa kuwa la umeme. Linapanda tupu, linapakia juu mlimani tani 65 za mawe ya kutengenezea saruji, linashuka nazo, na mota zikilizuia kushuka zinarudisha umeme mwingi hadi siku nyingine linamaliza kazi na chaji ya ziada. Mzigo uleule unaomaliza betri kwenye kupanda ndio unaoijaza kwenye kushuka. Ila ujue kitu kimoja: betri ikiwa imejaa mia kwa mia haina pa kupokea, kwa hiyo anayeanza safari yake kileleni na mzigo mzito asichaji mpaka mwisho, aache nafasi, la sivyo kazi yote inarudi kwenye breki za kawaida.

Kitu kingine, watu wanauliza mbona Hilux ya dizeli ikipakia hatuoni haya? Inakula pia, sema huoni. Tenki la lita 80 lina nguvu inayokaribia yuniti 800, mara sita ya ile betri ya Lightning, ila injini inatumia kama theluthi moja tu kusukuma gari, nyingine inatoka kama joto kwenye rejeta na ekzosi. Na injini ya dizeli ikifanya kazi ngumu inachoma vizuri kuliko ikitembea tupu, kwa hiyo mzigo hauiongezei hasara kwa kiwango kikubwa hivyo. Mota ya umeme ilishakuwa inatumia zaidi ya asilimia 80 ya kilichomo, haina uzembe wa kufichia mzigo, na betri yenyewe ni ndogo, kwa hiyo kila kilo unaiona kwenye skrini.

Sasa kuna adui mkubwa kuliko kilo, nae ni upepo. Mwaka 2022 jarida la Car and Driver walifungia Lightning karavani (nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari) ya zaidi ya tani mbili na nusu wakaendesha spidi kama 110, chaji ikaishia kwenye kilometa 160 hivi. Uzito wa karavani unachangia, lakini kinachoua zaidi ni ule ukuta wake mrefu unaosukuma hewa. Nguvu ya upepo inaenda kwa mraba wa spidi, ukitoka 80 kwenda 110 inakaribia kuwa mara mbili. Ndo maana tani moja ya nondo zilizolala chini inaweza kukutesa kidogo kuliko magodoro mepesi yaliyopangwa mpaka juu ya kichwa cha gari. Ukiwa na mzigo mrefu ushushe spidi, na turubai lifungwe likaze lisipigepige.

Ford wenyewe waliliona hili mapema wakaweka mizani ndani ya gari: Lightning zenye mfumo huo zinakadiria uzito ulio nyuma na kupunguza kilometa zinazoonyeshwa kwenye skrini kabla hujaondoka, na taa za nyuma zinaweza kuwaka hatua kwa hatua unavyopakia mpaka zijae. Natamani kila pikapu ya umeme iwe nayo.

Kwa sisi inayotuhusu zaidi ni Hilux ya umeme waliyoitangaza Toyota mwishoni mwa 2025: betri yuniti 59.2, kilometa kama 240 kwa kipimo cha Ulaya, mzigo kilo 715. Ukiondoa robo kama ilivyotokea kwa Lightning unabaki na 180 hivi, na ukiwa na mlima chini ya hapo. Anayesambaza maji au mkate mjini na kulala kwake kila siku inamtosha vizuri, anayetoa viazi Njombe kupeleka Dar bado asubiri.