Ukifika Mlimani, usianze na majengo

Vijana waliomaliza kidato cha sita huniuliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kikoje. Wengi wanatarajia niwaambie habari za Ukumbi wa Nkrumah, vimbweta (meza na viti vya zege vya kujisomea nje) na maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2018. Mimi ni mtu wa kamusi, kwa hiyo naanzia kwenye maneno.

Ndaki ni mkusanyiko wa idara, mfano Ndaki ya Insia (masomo kama lugha, historia na falsafa), na anayeiongoza huitwa rasi. Shule kuu huongozwa na amidi. Mkuu wa Chuo ni cheo cha heshima, na Mwalimu Nyerere alikishika tangu 1970. Shughuli za kila siku ziko mikononi mwa Makamu Mkuu wa Chuo. Ukiyajua haya, barua yako haitapotea njiani.

Chuo kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Kitivo kilikuwa kimoja tu, cha sheria. Mwaka 1963 kikaungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mwaka uliofuata kikahamia kilimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikasimama peke yake. Tangu hapo kimezaa vyuo vingine. Kitivo cha kilimo cha Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Muhimbili na Ardhi wakajitegemea mwaka 2007. Chang'ombe na Mkwawa ya Iringa bado ni vyuo vishiriki, na watafiti wa bahari wako Unguja tangu 1978.

Lakini chuo cha utafiti kina maana gani hasa? Nitatumia mfano wa nyumbani kwangu, kwenye taasisi ya Kiswahili ya chuo hiki. Kamati ya Lugha ilianza kazi mwaka 1930, ikisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Ilihamahama Afrika Mashariki hadi mwaka 1964 ilipotua hapa na kuwa TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatoka mwaka 1981. Kwa hiyo kitabu ambacho mwalimu wa shule ya msingi anakifungua leo kina nusu karne ya kazi nyuma yake. Neno moja linaweza kutuweka mezani mchana kutwa: linasemwa wapi, na nani, ngeli yake ipi, mvuvi wa Pemba akilitamka anamaanisha kile anachomaanisha dereva wa Ubungo? Hakuna mhadhara unaoweza kuchukua nafasi ya mabishano hayo. Mwaka 2009 TUKI na Idara ya Kiswahili ziliunganishwa kuwa TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili), na hilo lilikuwa jambo jema: anayetafiti lugha na anayeifundisha sasa wako chini ya paa moja.

Kinachoniuma ni kwamba mihadhara mingi hapa Mlimani bado ni ya Kiingereza. Istilahi za fizikia na biolojia tulizokwishaandaa zimelala kwenye kamusi. Kwetu TATAKI mwanafunzi anaandika tasnifu yake ya uzamivu kwa Kiswahili, kurasa mamia, na anaitetea mbele ya jopo kwa lugha hiyo hiyo. Nimeketi kwenye majopo hayo. Hoja hazipwayi hata kidogo.