Majina ya Mitaa ya Kariakoo: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wapo wanaoamini kwamba Kariakoo ni jina la kale la Wazaramo, lililokuwapo kabla ya mji wenyewe. Sivyo. Jina hilo ni matamshi ya wenyeji ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, walikuta jengo la soko ambalo Wajerumani walilijenga, vita vikaanza kabla halijatumika kama soko, nao wakalifanya kambi ya wapagazi hao. Nairobi nako kuna Kariokor, yenye asili hiyo hiyo. Mahali ambapo magari hayakupita na wanyama wa mizigo waliangamizwa na mbung'o, wanaume hawa ndio waliobeba risasi na vyakula vya jeshi kichwani. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kulichukulia jina hili kuwa ni la soko tu ni kuwasahau wao.

Dhana inayohusiana na hiyo, na kwa maoni yangu ndiyo yenye hasara kubwa zaidi, ni kwamba Narung'ombe, Tandamti na Mahiwa ni majina ya vijiji au makabila yaliyookotwa tu ili mitaa ipate kutambulika. Inaaminika kwa urahisi kwa sababu jirani yake kuna mitaa ya Sukuma, Gogo, Pemba na Mafia. Lakini mahali pote patatu ni viwanja vya mapigano ya mwaka 1917 kusini mwa nchi. Narung'ombe, bara ya Kilwa, palipiganwa tarehe 19 Julai; kilima cha Tandamuti, karibu na Lindi, kilishambuliwa mwezi Agosti; na Mahiwa, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba, jeshi la Uingereza lilipoteza zaidi ya watu 2,000 waliouawa au kujeruhiwa, wakiwamo askari wengi kutoka Nigeria. Upande wa Wajerumani, chini ya kamanda wao Paul von Lettow-Vorbeck, wengi wa waliofyatua risasi walikuwa pia Waafrika. Anayepita Narung'ombe kununua vitenge anapita juu ya kumbukumbu ya vita ambavyo wazee wetu waliuana kwa ajili ya wafalme wa Ulaya.

Husemwa pia kwamba mitaa ya Kariakoo ilijiotea yenyewe bila mpango. Itazame ramani: mitaa imenyooka na kukatana mraba, kwa kuwa ilipimwa.

Kuhusu Mtaa wa Aggrey, wengi hudhani huyo alikuwa mtawala wa Kiingereza. James Kwegyir Aggrey alikuwa msomi Mwafrika kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na alifika Afrika Mashariki mwaka 1924 pamoja na tume ya Phelps-Stokes iliyochunguza elimu ya Waafrika. Miaka mitano baadaye African Association, chama cha Waafrika kilichoitangulia TANU, iliundwa Dar es Salaam, na miongoni mwa waasisi wake alikuwamo Kleist Sykes, aliyewahi kuwa askari wa Wajerumani katika vita hivyo hivyo. Mtaa uliokuwa ukiitwa Kipata ulipewa jina la Kleist Sykes.

Lipo kosa jingine, la kudhani kwamba TANU ilizaliwa katika mtaa uliokwisha kuitwa Lumumba. Tarehe 7 Julai 1954 mtaa huo uliitwa New Street. Patrice Lumumba, ambaye wakati huo hakuwa bado kiongozi wa siasa anayejulikana nje ya Kongo, aliuawa Januari 1961, na jina lake lilikuja baadaye. Tandamti nayo ilipewa jina la Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa samaki sokoni na mzee wa TANU aliyemuunga mkono Nyerere tangu siku za mwanzo, lakini hadi leo wengi wanaendelea kuuita mtaa huo Tandamti, bila kujua habari za kilima cha Lindi wala za mzee huyo.