Kurudisha hasara nyuma si kurudishiwa hasara

Viazi vikishuka bei, pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, hukosi kumsikia mtu akisema, "Mwaka huu nimekula hasara, naenda TRA, kwa watu wa kodi, wanirudishie." Mwenzake anadakia kwamba ni haki yake, ipo kisheria, ameisoma mtandaoni. Kasoma kweli, ila sheria ya Marekani, ambayo mwaka 2020, wakati wa Korona, iliruhusu hasara za 2018 hadi 2020 zirudishwe hadi miaka 5 nyuma.

Kurudisha hasara nyuma ni kuikata hasara ya biashara ya mwaka huu kwenye mapato ya miaka iliyopita yaliyokwishatozwa kodi, kisha kudai kodi iliyozidi. Basi.

Kinachorudi, jamani, ni kodi. Hasara hairudi. Tuseme kampuni ya mbao ya Mafinga ilipata faida ya milioni 40 mwaka 2023, ikalipa asilimia 30, yaani milioni 12. Mwaka 2024 ikapata hasara ya milioni 25. Kwa utaratibu huo, faida ya 2023 ingeshuka hadi milioni 15, kodi yake milioni 4.5, na kampuni ingerudishiwa milioni 7.5. Milioni 17.5 zilizobaki ni za mwenye mbao, alie nazo mwenyewe. Na kama 2023 hakulipa kodi, harudishiwi hata senti.

Hapo tumesema "inge". Sheria yetu Tanzania ya Kodi ya Mapato ya 2004 huipeleka hasara mbele; kuirudisha nyuma kumeachiwa mikataba ya muda mrefu, kama ya ujenzi, tena kwa idhini ya Kamishna wa TRA. Kampuni yetu ikipata faida ya milioni 30 mwaka 2025, inatoa zile 25, inatozwa kodi kwenye milioni 5: milioni 1.5. Nafuu ni ileile ya milioni 7.5, ila imechelewa, na haimfikii aliyekwishafunga biashara.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa viazi, TRA nenda, lakini nenda na hesabu za mwaka huu wa hasara na ujaze ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, ili mwakani uwe na cha kukata. Kama unalipa kwa makadirio ya mauzo, hata hilo halikuhusu: huko wanaangalia umeuza kiasi gani, faida hawaiulizi.