Formula 2 ya 2024: porojo za vijiweni na yaliyotokea kweli

Machi 2025, Formula 1 ilipofungua msimu kule Melbourne, madereva wanne kwenye gridi, yaani safu za kuanzia mbio, walikuwa wametoka Formula 2, ngazi iliyo chini yake tu, ya mwaka uliotangulia: Gabriel Bortoleto, Isack Hadjar, Andrea Kimi Antonelli na Oliver Bearman. Kwa anayefuatilia Formula 1 peke yake, vijana hao walikuwa wageni kabisa, na maelezo mengi yaliyosambaa kuhusu walikotoka yalikuwa nusu kweli, nusu porojo. Lawama sizitupi kwa mtu. Mbio kuu za Formula 2 zikiwa Ulaya mara nyingi huanza Jumapili karibu saa tano asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, wakati ambao wengi wako ibadani, sokoni au bado wamelala.

"Bingwa ni yule aliyeshinda mbio nyingi"

Msimu wa 2024 ulikuwa na raundi 14, na kila raundi ilikuwa na mbio mbili. Bortoleto, Mbrazili wa timu ya Invicta, alishinda mbio mbili tu katika hizo 28, Austria na Monza. Hadjar, Mfaransa wa timu ya Campos, alishinda nne: Melbourne, Imola, Silverstone na Spa, tena zote zilikuwa mbio kuu za Jumapili, zile zenye pointi nyingi. Bado kombe likaenda Brazil. Msimamo wa mwisho ulisoma Bortoleto 214.5, Hadjar 192.

Hapo lazima uelewe hesabu inavyokwenda. Mbio kuu humpa mshindi pointi 25 na wa pili 18, kama Formula 1. Mbio fupi za Jumamosi humpa mshindi 10, na wanane tu ndio wanaoambulia kitu. Aliyeongoza mchujo wa Ijumaa, ule wa kusaka muda bora ili kupanga nafasi za kuanzia, anaongezewa mbili. Kwa hiyo dereva anayeokota nafasi ya pili, ya tatu, ya tano, wiki baada ya wiki, anaweza kumpita anayeshinda leo na kesho akatoka patupu. Bortoleto alikuwa bingwa wa aina hiyo, na hakuanzia hapo: ubingwa wa Formula 3, ngazi iliyo chini ya Formula 2, wa 2023 aliutwaa pia kwa ushindi wa mbio mbili.

Ukidhani hiyo ni ajabu, mtazame Leonardo Fornaroli. Mwitaliano huyu alikuwa bingwa wa Formula 3 wa 2024 bila kushinda mbio hata moja msimu mzima. Ubingwa aliukamata Monza, mzunguko wa mwisho, kona ya mwisho, kwa kunyakua nafasi ya tatu. Wapo wanaosema bingwa wa namna hiyo ni wa kubahatisha. Mimi naona kinyume: kijana anayejua wakati wa kutoshambulia ana kipaji ambacho makocha huhangaika miaka kukifundisha. Mwaka uliofuata Fornaroli akauchukua na ubingwa wa Formula 2.

"Ameshinda Jumamosi, basi ndiye mwenye kasi"

Si lazima. Kwenye mbio fupi, kumi bora wa mchujo hupangwa kinyume: aliyeshika nafasi ya kumi ndiye anayeanza mbele, na aliyeongoza anaanzia ya kumi. Lengo ni kuwalazimisha wenye kasi wapite wenzao. Ukitaka kumpima dereva, angalia mchujo wa Ijumaa na mbio kuu. Ya Jumamosi yanakuonyesha zaidi nani ana ujasiri wa kupita na nani anajua kuwazuia walio nyuma yake.

"Magari ni yale yale, kwa hiyo ni dereva peke yake"

Ni kweli kwamba timu zote 11 zilinunua gari moja, Dallara jipya la mwaka huo, lenye injini ya Mecachrome ya V6 yenye turbo na nguvu farasi zipatazo 620, na matairi ya Pirelli kwa wote. Kisichouzwa dukani ni ujuzi wa kuliseti. Prema ya Italia, timu yenye historia ya kuzalisha mabingwa, iliingia 2024 na madereva wawili waliokuwa wakisubiriwa kuliko wote, Antonelli na Bearman. Gari jipya likawagomea. Vijana walewale, kasi ileile, lakini Antonelli akamaliza wa sita na Bearman wa 12. Ubingwa wa timu ukachukuliwa na Invicta.

Tofauti kubwa iko kwenye matairi. Formula 2 hairuhusu yale mablanketi ya umeme ya kupasha matairi tunayoyaona Formula 1. Ukitoka kubadilisha, unatoka na matairi ya baridi, na gari linateleza mpaka yapate moto. Kwenye mbio kuu ni lazima uingie angalau mara moja kubadilisha, na uzitumie aina mbili za matairi. Hapo fundi na injinia huchangia sawa na dereva.

Monza ya Septemba 1, 2024 ni mfano mzuri. Kwenye mchujo Bortoleto alishindwa kulidhibiti gari na kujikuta wa 22, yaani wa mwisho kabisa kwenye gridi. Kwa gari la kawaida kwenye mbio za kawaida, hapo unawaza pointi mbili tatu na kurudi nyumbani. Akashinda. Gari la usalama, lile linaloingia kuwapunguza wote mwendo panapotokea hatari, lilimfaa, hilo halifichiki, ila magari 21 hayakumpisha njia kwa heshima. Na hiyo ilikuwa asubuhi ileile, kwenye barabara ileile, ambapo Fornaroli alipata ubingwa wake.

"Gari likizimika kwenye gridi, dereva ni mzembe"

Dhana hii ndiyo iliyomuumiza Hadjar kuliko zote. Yeye na Bortoleto waliingia Abu Dhabi, raundi ya mwisho, wakitofautiana nusu pointi. Baada ya mbio fupi tofauti ikawa pointi nne na nusu. Jumapili, taa zikazimika, magari yote yakaondoka, la Hadjar likabaki pale pale.

Klachi ya gari hili haikanyagwi kwa mguu. Ni kijiti kidogo nyuma ya usukani, unakiachia kwa vidole, na ukikosea kidogo tu injini inazimika. Tena gari halina stata yake. Likizima, wasimamizi hulisukuma hadi upande wa mafundi, nao huliwasha kwa mashine ya nje, huku mizunguko inahesabiwa. Hadjar alirudi barabarani wakati mbio zilishamtupa mkono. Bortoleto alimaliza wa pili nyuma ya Joshua Dürksen wa Paraguay, na mambo yakaishia hapo. Ila tangu raundi ya kwanza Bahrain, magari mapya yalikuwa yakizimika hovyo mikononi mwa madereva mbalimbali, wazoefu na wageni. Kumwita mtu mzembe kwa jambo lililowapata wengi ni uonevu.

"Anayeongoza msimamo ndiye anayepanda Formula 1"

Bearman, wa 12, alipanda. Paul Aron wa Estonia, wa tatu, aliishia kuwa dereva wa akiba Alpine. Felipe Drugovich, bingwa wa 2022, na Théo Pourchaire, bingwa wa 2023, walipewa kazi ya akiba. Hata Oscar Piastri, bingwa wa 2021, alikaa benchi mwaka mzima kabla ya kupata kiti McLaren.

Msimamo unachokupa ni haki ya kuomba. Leseni ya juu ya FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, ambayo bila hiyo huendeshi Formula 1, inahitaji pointi 40 ndani ya misimu mitatu, na ukimaliza Formula 2 ndani ya tatu bora unazipata zote kwa mkupuo. Baada ya hapo ni suala la kiti kuwa wazi na nani alikutazama ulipopata nafasi. Bearman alikuwa ameongoza mchujo wa Formula 2 Jeddah, Machi 2024, alipoitwa ghafla na Ferrari kwa sababu Carlos Sainz aliugua kidole tumbo. Akiwa na miaka 18 akamaliza wa saba kwenye Formula 1, na nafasi ya mbele aliyoipata Formula 2 akaiacha. Wikiendi ile hakupata pointi za mbio kwenye daraja lake, lakini ndiyo iliyomtambulisha kwa dunia nzima. Franco Colapinto naye hakusubiri msimu uishe: Agosti Williams walimchukua, na jina lake likaendelea kushuka kwenye msimamo akiwa tayari juu.

"Ni mbio za watoto, hatari hakuna"

Agosti 31, 2019, kwenye mbio za Formula 2 pale Spa, Anthoine Hubert alifariki akiwa na miaka 22. Juan Manuel Correa, aliyegongana naye, alivunjika vibaya miguu na kukaa muda mrefu akitibiwa. Correa alirudi, na msimu wa 2024 alikuwa kwenye gridi na timu ya DAMS. Usukani wa magari haya hauna msaada wa kuupunguzia uzito kama wa Formula 1, kwa hiyo ukiona dereva anashuka huku mikono inatetemeka, usidhani ni maigizo.

"Bingwa atarudi kutetea taji"

Hawezi. Kanuni zinamkataza bingwa wa Formula 2 kushiriki tena. Ama apande, ama atafute mbio za aina nyingine, ama akae. Bortoleto alipata kiti Sauber, na kiti alichokiacha Invicta akakikalia Fornaroli.